Bawa Nililolichana

Mama yangu hakuamini kwamba kuna ndege zinazovaa nguo. Nilipomwambia kuwa nimepata kazi ya kuishonea ndege kitambaa, aliuweka ungo chini, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huko Kibiti siku hizi mnakula nini?"

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, fundi cherehani kwa miaka kumi na minne, mshona sare za shule, madera ya Idi na mapazia ya ofisi, nilidhani ndege zote ni bati mwanzo mwisho. Ile ndege ndogo ya viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, nilikuwa naiona ikipita juu ya Kibiti kwenda delta kutazama mikoko inayokatwa na vijito vinavyohama njia. Nilikuwa naiona nikaendelea kushona. Sikujua kwamba mabawa yake ni mbavu nyembamba zilizofunikwa kitambaa, wala kwamba kitambaa hicho nacho huchakaa kwa jua kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Kilichonipeleka huko ni kava la kiti. Rubani aliniletea dukani kava lililochanika, akaniomba nimshonee jingine la mfano huo. Nilishona, akalipa, akaenda zake. Wiki iliyofuata alirudi na mzee mmoja mwembamba, mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kiua, ambaye alikuwa na kava langu mkononi. Ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa ndege ile, mtu wa Tanga, na alizungumza kwa sauti kubwa kana kwamba sisi sote tuko ng'ambo ya mto. Aliligeuza kava nje ndani, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Wengi hushona mbele tu," alimwambia rubani. "Huyu kashona na nyuma."

Kisha akatoa uzi mnene mfukoni, akanitaka nifunge fundo lisiloteleza hata ukilivuta upande wowote. Mimi ni mzaliwa wa Maparoni. Marehemu baba alikuwa mfuma nyavu, na nikiwa mdogo vidole vyangu vilijua fundo la jarife, ule wavu mkubwa wa papa, kabla havijajua kushika kalamu. Nililifunga nikiwa namtazama yeye, siyo uzi. Alilivuta, akalivuta tena, akacheka.

"Bibie, fundo hili na letu ni ndugu. Baba mmoja, mama mmoja. Acha madera, njoo kwangu uniwambie mabawa."

Kuwamba ndilo neno alilotumia, lile lile la ngoma na la kitanda cha kamba. Pengine ndiyo sababu nilijiona naijua kazi kabla sijaianza. Nina kichwa kigumu, sikufichi, na mtu akinisifu kinazidi ugumu.

Banda lao la ndege lilikuwa kwenye barabara ya kwenda Mkongo, kando ya kiwanja cha changarawe. Nilipanda bodaboda kila asubuhi na kufika nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Siku ya kwanza fundi alinionyesha bawa la kulia likiwa limelazwa juu ya mabenchi marefu, limevuliwa nguo yake ya zamani, mbavu nje. Akanieleza kazi yote akiwa amesimama, bila kukaa hata mara moja.

Kwanza unashona kitambaa kama foronya, kipana kidogo kuliko bawa. Unalivisha bawa kama unavyovisha mto, unagundisha kingo. Kisha unalipiga pasi pale pale lilipo, kidogo kidogo, na kwa moto ule kitambaa kinanywea na kujivuta chenyewe hadi kinakaza. Baadaye unachukua sindano ndefu kama mkono wa mtoto na uzi uliopakwa nta, unashona kutoka juu hadi chini, kupitia katikati ya bawa, ukikifunga kitambaa kwenye kila ubavu kwa lile fundo letu. Juu ya mishono unabandika utepe wenye meno kingoni. Ndipo unapaka dawa ya kukazia, koti baada ya koti, kisha rangi ya fedha ya kuzuia jua, halafu rangi ya mwisho ambayo watu wa chini huiona wakadhani ni bati.

"Sheria za hapa ni tatu," alisema. "Moja. Kitambaa hiki hakionji moto mpaka kiwe juu ya bawa. Sijali kina makunyanzi kiasi gani. Moto ni wa kwenye bawa." Akachukua pasi ya umeme, ambayo kwenye kitasa chake cha kuongezea moto palikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya kucha. "Mbili. Mstari huu hauvukwi. Ukivukwa, kitambaa kinachoka, na kikishachoka hakirudi."

"Na ya tatu?"

"Aliyewamba bawa ndiye anayekaa kiti cha nyuma siku ndege inapopaa mara ya kwanza."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Rubani, aliyekuwa akifuta vioo, aliniambia kwamba mzee mwenyewe amekaa kiti kile mara zisizohesabika, ndiyo maana ndevu zimekuwa nyeupe. Nilicheka. Usiku huo nilimpigia mama simu, nikamwambia kwamba Inshallah nitapita juu ya nyumba yetu. Akasema atatandika kanga nyekundu uwanjani ili niijue.

Lililokuwa mikononi mwangu nililielewa vizuri. Bawa lile likikubalika, nitakuwa fundi wa vitambaa wa banda lile, na fundi alikuwa amekwisha sema anataka kurudi Tanga na anatafuta wa kumwachia. Lisipokubalika, nitarudi kwenye mapazia. Na zaidi ya hayo, watu wangekaa chini ya mshono wangu huko juu, ambako hakuna pa kusimama ukaangalia kilichokatika.

Cherehani ya bandani ilikuwa mbovu, kwa hiyo foronya ya bawa nikaenda kuishonea dukani kwangu Kibiti. Niliufungua mzigo wa kitambaa mezani. Ulikuwa umekunjwa tangu ulikotoka, na mikunjo yake ilikuwa mikali hadi ukikitandaza inasimama. Nilikitazama. Nilikikata hivyo hivyo, nikaweka chini ya sindano, nikashona shibiri moja na kuacha.

Fundi cherehani anayejiheshimu hashoni kitambaa chenye makunyanzi. Hilo sikulisoma popote. Nililikuta kwa mama mmoja aliyenifundisha kazi, ambaye naye alilikuta kwa aliyemfundisha, na Kibiti nzima ukimletea fundi kitambaa, kitu cha kwanza anachofanya ni kukipiga pasi. Mteja akikuta mshono umepinda kwa sababu ya mkunjo, anakusimanga mpaka sokoni. Nikajiambia, kidogo tu, mikunjo ilale. Pasi yangu ya mkaa ilikuwa imepepewa muda huo huo kwa ajili ya sare za watu. Nikaipitisha juu ya kitambaa chote. Kwenye mkunjo mmoja mkaidi nilisimama zaidi, nikakandamiza kwa uzito wangu wote mpaka ukalala.

Kilipendeza. Nilishona foronya iliyonyooka kama mstari wa daftari, na fundi alipoipokea aliisifia mishono. Hakuuliza kuhusu pasi, nami sikusema. Sikuona nimedanganya. Niliona nimefanya kazi safi kuliko alivyotarajia.

Tulilivisha bawa, tukagundisha, akaniachia pasi ya umeme. Nilianzia ncha ya bawa na kuja ndani. Jambo lile kuliona mara ya kwanza ni tamu. Kitambaa kimelegea kama shuka, unapitisha pasi, nacho kinatambaa chini ya mkono wako, kinakaza, mbavu zinajitokeza moja moja. Unagonga kwa ukucha, kinalia. Niligonga na kucheka peke yangu.

Nilipofika karibu na shina la bawa, pale linapokutana na mwili wa ndege, upande wa juu, kati ya ubavu wa pili na wa tatu, kitambaa hakikuvutika. Nilipitisha pasi tena. Kilibaki vile vile, kina bonde dogo ambamo ungeweza kulaza yai. Nilijua papo hapo. Ule mkunjo mkaidi ulikuwa pale. Nguvu yake ya kujivuta niliimalizia dukani, juu ya meza, kwa pasi ya mkaa.

Sasa hapo mtu mwenye akili angemwita fundi. Mimi nilifanya walilofanya wanawake wote wa kwetu tangu nipate kumbukumbu. Ngoma za unyago zikilegea katikati ya shughuli, hakuna anayesita. Zinapelekwa kwenye moto wa makuti makavu, ngozi inaoteshwa, zinarudi zikilia. Zikilegea tena, moto zaidi. Mkono wangu ukaenda kwenye kitasa, nikazungusha, mstari mwekundu ukapita. Nikaweka pasi penye bonde, nikahesabu moyoni.

Kitambaa kilijivuta kwa mara ya mwisho, kidogo mno, halafu kikalegea kuliko mwanzo. Hiki si ngozi. Nilibaki nimeshika pasi, nikasikia fundi akikohoa nje.

Sikusema. Niliendelea na kazi. Nilishona mbavu zote kwa sindano ndefu, na pale kati ya wa pili na wa tatu nilifunga mafundo mazuri kuliko pengine popote, kana kwamba mafundo yangenisitiri. Nilibandika utepe. Tukaanza dawa, ile inayonuka hadi kichwa kinakuwa chepesi, milango yote wazi. Asubuhi zenye unyevu ilikauka na ukungu mweupe juu yake, kwa hiyo tulisubiri mpaka jua likaze ndipo tupake. Koti la kwanza, la pili, la tatu. Kila koti lilikaza kidogo lile bonde, mpaka likajaa. Ilipofika rangi ya fedha, jicho halikuona kitu. Ukiweka kidole, palikuwa pagumu. Ila ukigonga, palijibu vingine. Kote bawa lililia, pale palinyamaza.

Ikaja siku ya fundi kulipima. Alipanda juu ya kigoda, akaanza kugonga kwa ukucha kuanzia ncha, ubavu hadi ubavu, ameinamisha kichwa. Hakukandamiza kitambaa. Aliwadharau mafundi wanaokandamiza, akisema hao wanapima unga. Mimi nilisimama upande wa pili nikiwa nimeshika ukingo wa benchi. Alifika kwenye ubavu wa tatu. Akagonga. Nilisikia mimi, tena vizuri sana, ule mlio usiokuwepo. Akagonga mara ya pili, akanitazama usoni, akasema, "Sawa."

Nilitoka nje nikaenda kunywa maji.

Kwa nini sikusema hata hapo? Nimejiuliza mara nyingi. Jibu ninalo, na halinipendezi. Nilikuwa nimefunga mkataba na nafsi yangu. Niliiambia kwamba sheria ya tatu ipo. Mimi ndiye nitakayekaa kiti cha nyuma. Kama kitambaa kitaachia, kitaachia juu yangu, na mtu aliye tayari kulipa kwa shingo yake hadaiwi kitu. Rubani nilimsahau katika mkataba huo. Nilimsahau kabisa, kana kwamba ndege ingejiendesha.

Rangi ya mwisho ilikauka. Rubani alinikuta nafagia banda, akaegemea mlango.

"Dada, umeponea chupuchupu," alisema. "Jumamosi hupandi. Mzee anataka kupanda mwenyewe. Kasema ni safari ya kuaga kabla hajarudi kwao."

Nikashusha pumzi. Ilinitoka yenyewe, ndefu, mabega yakashuka, na rubani akacheka akidhani namwogopa yeye na ndege yake. Pumzi ile ndiyo iliyoniumbua. Ningekuwa kweli tayari kulipa kwa shingo yangu, nisingefurahi kiti kilipopewa mwingine. Nilifurahi, tena kabla sijakumbuka ni nani aliyepewa. Niliona haya ambazo sijawahi kuziona tangu nizaliwe.

Niliuegemeza ufagio ukutani. Nikaivua kanga ya begani, nikajifunga kibwebwe. Mkasi wangu wa chuma, ule wa dukani, ulikuwa kwenye kikapu. Ilikuwa saa saba mchana, fundi ametoka kuswali adhuhuri na alikuwa nje anakunywa chai. Nilijua nikienda kwake kwanza nitatafuta neno laini, nitasema labda, nitasema inaonekana kama, naye kwa ukarimu wake atasema tuangalie kesho. Kwa hiyo sikwenda. Nilipanda kigoda, nikatoboa kati ya ubavu wa pili na wa tatu, nikachana.

Rangi ilipasuka vipande vipande. Nilikikata kitambaa kutoka shina mpaka karibu na ncha, mkono mmoja unakata, mwingine unavuta, ili asiwepo mtu wa kunishauri tuweke kiraka. Rubani alipaza sauti mara moja tu. Wiki sita za kazi zilikuwa zikining'inia pande zote za bawa.

Fundi aliingia na kikombe mkononi. Nilishuka, nikasimama mbele yake.

"Mzee, nilikipiga pasi dukani kabla sijakishona. Pale kikakataa kukaza. Nikavuka mstari mwekundu, kikachoka. Nikafunika kwa dawa. Nimekaa kimya tangu siku ile."

Alinitazama midomo. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara mia na kulihesabu kuwa ni ukali wa mafundi wa zamani. Alikuwa akinitazama midomo tangu siku ya kwanza.

"Pale wapi?"

"Wa pili na wa tatu. Juu."

Aliweka kikombe kwenye benchi taratibu. Nilijiandaa kwa matusi, maana mdomo wake haukuwa na breki, na nilishakata shauri kwamba nitayapokea yote nikiwa nimesimama. Hakutukana.

"Miye nilipagonga pale," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mara mbili."

"Ndiyo."

"Palilia vipi?"

Niliinamisha uso. Akarudia swali, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamwambia, "Kwingine kote kulilia. Pale palinyamaza."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Miye nilisikia sawa na kwingine," alisema. "Kote nilisikia sawa na kwingine."

Ndipo vilipojipanga kichwani mwangu vitu vyote nilivyokuwa nimeviona bila kuviona: sauti yake kubwa, simu aliyompa rubani kila ilipoita akisingizia mtandao, kichwa kilichoinama kuelekea upande mmoja. Miaka mingi ya injini ilikuwa imekula masikio yake, naye alikuwa akigonga mabawa kwa mazoea na kusoma majibu kwenye nyuso za watu. Siku ile alisoma uso wangu, na uso wangu ulimdanganya. Mimi nilificha kitambaa, yeye alificha masikio, na kati yetu rubani alikuwa apae Jumamosi.

Nililia, na sikulia ili nionewe huruma. Nililia kwa sababu nilimpenda mzee yule na nilikuwa nimemchania siri yake pamoja na bawa.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Kitambaa kimebaki?"

"Kimebaki cha bawa moja."

"Moja tu. Basi hatuna cha kuchezea. Futa makamasi, bandua hilo tambara."

Jioni ile alimwamuru rubani awapigie simu wenye ndege, akasimama karibu yake na kumwambia maneno ya kusema, neno kwa neno: bawa halifai, kosa la kwanza ni la mshonaji na amelikiri, kosa la pili ni la aliyelipima, na aliyelipima hatapima tena. Rubani alijaribu kuliruka la pili. Mzee alikuwa akimtazama midomo. Akamwambia, "Hujalisema. Liseme."

Wenye ndege walituacha tuendelee. Nilibandua kitambaa, nikakata mafundo yangu yote moja baada ya jingine, yale mazuri na yale mazuri zaidi. Nilisafisha gundi kwenye kila ubavu mpaka vidole vikachubuka. Kitambaa cha mwisho nilikipeleka dukani, nikakitandaza mezani na makunyanzi yake, na pasi ya mkaa nikampelekea jirani muuza vitumbua akae nayo mpaka nimalize, nikamwambia asinipe hata nikimwapia. Wateja walinikuta nashona kitambaa kilichosinyaa. Mmoja aliniuliza kama nimeugua. Nilishona. Kila mkunjo ulipopita chini ya sindano meno yaliniuma, nami nilishona.

Juu ya bawa, moto wa kwanza ulipokigusa, mikunjo yote ilikufa yenyewe.

Mstari mwekundu sikuukaribia. Nilipofika kati ya ubavu wa pili na wa tatu nilizima pasi, nikamwita fundi, nikaiwasha tena akiwa amesimama hapo. Kilikaza. Baada ya dawa ya mwisho tulipima kwa namna mpya. Mimi niligonga juu, yeye aliweka kiganja chini ya bawa, na kila nilipogonga alisema, "Sema."

"Inalia."

"Sema."

"Inalia."

Tulikwenda hivyo ubavu kwa ubavu, mpaka shina. Kwenye wa tatu aliinua uso akanitazama midomo. Alisubiri. Niligonga mara mbili, kama alivyogonga yeye, nikatega sikio mpaka mlio ukaisha wote. "Inalia, mzee." Akaondoa kiganja.

Asubuhi ya kupaa, bawa likiwa limeshafungwa kwenye ndege, rubani alikuwa ameshafungua mlango na kumwekea mzee kigoda cha kupandia. Mzee alikisukuma kigoda kwa mguu, kikasimama mbele yangu.

"Si ulitaka kuaga?" nilimuuliza.

"Kiti hicho ni cha aliyewamba na aliyepima. Miye safari hii sijafanya hata moja. Panda."

Nilipanda. Nikajifunga mkanda. Changarawe ikapiga kelele chini yetu, halafu haikupiga tena. Bawa liko juu ya kichwa cha abiria katika ndege ile, na kutoka kiti cha nyuma huoni mgongo wake, unaona tumbo. Lakini uzi ni ule ule mmoja, unatoka juu unakuja chini, na juu kukiachia, chini mshono utaonyesha. Nilitafuta ubavu wa pili, nikatafuta wa tatu, nikayakazia macho yale mafundo chini ya rangi. Rubani alikuwa akiniita kwenye vipaza sauti vya masikioni. Tazama Nyamisati. Tazama mikoko. Dada, ile si Maparoni? Nilimjibu ndiyo kila mara. Sikutazama kitu. Nilikuwa na mafundo yangu.

Tuliposhuka, mzee hakuniuliza habari za angani. Aliuliza, "Umeyahesabu?" Nikamwambia nimeyahesabu. Wiki hiyo hiyo akapanda basi kurudi Tanga, na kidaftari chake cha vipimo akaniachia juu ya benchi, bila hotuba.

Mama alipiga simu jioni ile ile ya kupaa. Tangu asubuhi alikuwa amesimama uwanjani.

"Uliiona kanga?"

"Sikuiona, mama."

"Nimeitandika nyekundu, nikaona haitoshi, nikaipunga mkononi. Majirani wananiona mwendawazimu. Mlipita juu yangu kabisa, nimewaona. Sasa weye macho yako yalikuwa wapi?"

"Kwenye mafundo."

Aliacha kulalamika. Huyo ni mke wa mfuma nyavu, na asubuhi zote za ndoa yake alikuwa akisubiri pwani kujua jambo moja tu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Yalishika?"

"Yalishika, mama."

"Haya. Kanga naianua."